"Although" na "But": Kosa Hili Tulisahihisheje?

Ni nadra kumpata mwalimu wa Kiingereza katika nchi zetu hizi asiyepata kuikuta sentensi hii katika daftari la mwanafunzi: "Although he was sick, but he came." Aghalabu mwalimu huchukua kalamu nyekundu, akalikata neno "but", kisha akafunua ukurasa wa pili. Juma lifuatalo kosa ni lile lile. Sisi nasi, ambao hapa Uganda twafundisha Kiswahili na Kiingereza pia, tumefanya hivyo kwa miaka mingi. Leo twapenda kukiri kwamba mtindo huo haufai, na kwamba mazoezi tuyatumiayo darasani hayatusaidii sana.

Yafaa kwanza tujiulize kosa latoka wapi. Katika Kiswahili twasema, "Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja." Wako wanaoona kuwa "lakini" hapo ni ya ziada; hata hivyo, katika mazungumzo, na mara nyingi katika maandishi, maneno hayo mawili huandamana, na masikio yetu yamekwisha kuyazoea. Kiingereza hakikubali. "Although" hukifanya kishazi chake kuwa tegemezi, hali "but" huunganisha vishazi vilivyo sawa kwa cheo. Yatumikapo yote mawili, kishazi kimoja kimeshushwa na papo hapo chaambiwa kisimame bega kwa bega na mwenziwe. Ni kweli kwamba "though" huweza kufuatwa na "yet", na jambo hilo laonekana katika Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611; lakini "yet" ya hapo ni kielezi, haifanyi kazi ya kuunganisha.

Wahenga walinena kwamba mwiba hutokea ulipoingilia. Kosa hili liliingia kwa mlango wa Kiswahili, na litatokea kwa mlango huo huo. Mwalimu aandike ubaoni sentensi zote mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza, awaonyeshe wanafunzi kwamba Kiingereza chataka moja: ama "although" peke yake, ama "but" peke yake. Mwanafunzi aliyeelewa sababu hana haja ya kukatiwa neno kila juma.

Tena tusikifanye Kiswahili kuwa mshtakiwa siku zote, kwani mara nyingine ndicho shahidi mwema. Wanafunzi wengi huandika "Despite he was sick, he came." Hapa kanuni ndefu haihitajiki. Tuwakumbushe "licha ya". Hakuna asemaye "licha ya aliugua". Twasema "licha ya kuugua" au "licha ya ugonjwa wake". Basi na Kiingereza ni vivyo hivyo: "despite being sick", "despite his sickness". Vilevile neno moja "but" hubeba kazi ya maneno yetu matatu. Twasema "ni mgonjwa lakini amekuja", "si mvivu bali ni mgonjwa", na "hakuja mtu ila Juma". Mwingereza hutumia "but" katika zote tatu. Ajuaye kuzitenganisha kwa Kiswahili hatatatizika azionapo zimekusanywa.

Lawama yetu kubwa ni juu ya mazoezi ya kugeuza sentensi, ambayo twayapenda mno kwa sababu ya mitihani. Mwanafunzi hupewa "He is clever but he is lazy", akaagizwa aanze na "Although". Akiandika "Although he is lazy, he is clever", wako kati yetu watakaompa alama, maana sarufi ni safi. La hasha! Maana imepinduka. Katika sentensi ya kwanza uzito uko juu ya uvivu. Katika ya pili uko juu ya werevu. Jibu lililotakiwa ni "Although he is clever, he is lazy."

Anayedhani kwamba huo ni ushindani wa maneno matupu na azikumbuke ripoti za mwisho wa muhula. Mwalimu akiandika "ni mwerevu lakini ni mvivu", mzazi hushika fimbo. Akiandika "ni mvivu lakini ni mwerevu", mzazi huyo huyo huanza kutafuta karo ya muhula ujao. Sifa ni zile zile mbili, na mtoto ni yule yule. Kilichobadilika ni neno lipi limetangulia "lakini". Sisi wenyewe twaujua uzito huo tuandikapo ripoti, ila twausahau tusahihishapo daftari.

Basi, ndugu walimu, kabla ya kuweka alama ya vema, tusome sentensi yote na kuuliza: mwandishi ameegemea upande gani? Viunganishi vya ukinzani vipo kwa ajili ya swali hilo.