Steji za Jogoo Road

Ukimsalimu mzee yule wa Jericho, anakupa mkono, halafu vidole vyake viwili vinapanda polepole hadi kwenye kifundo na kutulia palepale mshipa unapopiga. Wageni hudhani ni mapenzi. Majirani wamekwisha kumzoea, wanajua anahesabu. Amestaafu miaka mingi, lakini mkono haujapata habari hiyo.

Kazi yake ilikuwa kulaza watu. Wagonjwa walimwita daktari wa usingizi, ingawa cheti chake kilisema ofisa wa kliniki. Wengi wa Eastlands walizaliwa Pumwani, hospitali iliyoanza mwaka 1926, na si mmoja wala wawili waliopewa jina la daktari aliyempasua mama. Aliyepewa jina la mtu aliyekaa upande wa kichwa, akishika mshipa, bado hajajitokeza.

Ufundi wake mwingi ulikuwa maneno. Mama wa Kayole au Umoja anayezaa kwa upasuaji akishachomwa sindano ya mgongo, miguu hufa ganzi, mwenyewe akabaki macho. Hapo mzee huanza: "Mama, hebu nipeleke nyumbani. Tumepanda matatu Muthurwa. Steji inayofuata?" City Stadium, mama anajibu. Halafu? Maringo. Halafu? Hamza. Kila steji anaambiwa abane kiganja cha mzee, kwa nguvu, kama anayemshika kondakta asiyerudisha chenji. Wauguzi walicheka. Walidhani anamtuliza tu.

Kumbe alikuwa akisikiliza. Mara chache mno, dawa ile hupanda kuliko ilivyokusudiwa. Vidole vya mkono vinaingia ganzi, kiganja kinalegea, sauti inageuka mnong'ono, mshipa unaanza kuburuta miguu. Mama aliyetamka Maringo kwa sauti kamili akainong'ona Hamza, safari ya Donholm imeahirishwa. Mzee ameshaita msaada, tumbo limeinamishwa kushoto ili mimba isikandamize mishipa mikubwa, oksijeni inafunguliwa, efedrini inaingia, au adrenalini hali ikiwa mbaya zaidi. Pumzi zikimshinda, anapuliziwa kwa mfuko na barakoa, kisha mpira unapitishwa kooni. Muda wote huo anaongeleshwa, maana huenda anasikia kila kitu. Dawa itashuka yenyewe kwa wakati wake. Kinachotakiwa ni mtu wa kupumua kwa niaba yake mpaka ishuke. Monita nayo ingelia, ila imechelewa kidogo.

Mfukoni alikuwa na nyundo ndogo ya mpira. Ilikuwa ya akina mama wenye kifafa cha mimba. Magneziamu salfeti ni dawa njema: utafiti wa mwaka 2002 uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 ulionyesha kuwa inapunguza degedege hiyo kwa zaidi ya nusu. Ikizidi mwilini, hata hivyo, inaua pumzi, na kabla ya kuua pumzi huua goti. Kwa hiyo kabla ya kila dozi, goti linagongwa. Likiruka, sindano inaendelea. Likinyamaza, dozi inasimama, na gramu 1 ya kalsiamu glukoneti inakaa tayari. Nyundo yenyewe ni rahisi kuliko chakula cha mchana, lakini ukiiulizia siku hizi utatazamwa kama aliyeulizia taa ya chemli.

Jioni ya kuamkia upasuaji alipita wodini na swali moja asilolikosa: "Kwenu kuna aliyewahi kulazwa kwa upasuaji asiamke?" Si uchuro. Mwaka 1960, daktari Michael Denborough wa Melbourne aliandika habari za kijana aliyevunjika mguu akaogopa dawa ya usingizi kuliko mguu wenyewe, kwa sababu ndugu zake 10 walikuwa wamekufa chini ya etha. Akapewa halotheni, iliyokuwa mpya wakati huo. Muda si muda mwili ukawaka, mshipa ukaenda mbio, gesi ikafungwa haraka, akazungushiwa barafu. Akapona. Ugonjwa huo hutembea ndani ya ukoo, na dawa yake, dantrolini, ni adimu mno. Kuuliza hakuna gharama.

Si kwamba mzee alichukia mashine. Kile kibanio cha kidole kinachosoma oksijeni, kilichotokana na wazo la Mjapani Takuo Aoyagi la mwaka 1974, alikipokea kwa mikono miwili; kilimwondolea kubahatisha rangi ya midomo chini ya taa hafifu. Kilichomuuma ni mlinzi kuondoka kwa kuwa geti limewekwa kengele.

Juzijuzi naye alipasuliwa ngiri, katika hospitali moja ambayo haina haja ya kutajwa. Jioni ile hakuna aliyepita kumuuliza kitu. Asubuhi akatia sahihi mlangoni, akachomwa sindano ya mgongo, akalazwa chali. Kijana aliyekaa kichwani kwake alikuwa mpole, macho yake kwenye monita, na sikio moja limezibwa na waya wa simu.

Mzee akajishika kifundo mwenyewe. Muthurwa, akasema polepole. City Stadium. Maringo. Kila steji akibana ngumi.