Imani Ndani ya Nyumba: Uhakiki wa Riwaya Mbili za Ukerewe

Vitabu vya Kiswahili vinavyoitaja dini ni vingi, lakini vinavyoichunguza mahali inapojaribiwa kila siku, yaani nyumbani, ni vichache. Kanisani mtu huonwa na watu kwa saa moja au mbili; nyumbani huonwa na mwenzi wake, watoto wake na jirani zake tangu alfajiri mpaka usiku. Makala haya yanakusudia kuhakiki riwaya mbili zilizotungwa na wenyeji wa kisiwa kimoja, Ukerewe, katika Ziwa Viktoria. Ya kwanza ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971. Ya pili ni ile ya Aniceti Kitereza iitwayo Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, iliyotolewa na Tanzania Publishing House kwa mwaka wa 1980. Swali letu ni moja: imani ya Kikristo ikiisha kuingia ndani ya nyumba, ipimwe kwa kipimo gani?

Waandishi wote wawili walilelewa katika Kanisa Katoliki. Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki mwaka 1981, alisomeshwa na wamisionari na kuwatumikia. Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, alipitia seminari kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo hakuna kati yao aliyeitazama dini kwa mbali kama mpita njia.

Tuanze na Rosa Mistika. Msomaji makini hana budi kuanzia kwenye majina. Rosa Mistika ni sifa mojawapo anayopewa Bikira Maria katika Litania ya Loreto. Mama wa Rosa anaitwa Regina, maana yake Malkia, jina linalorudiwa mara nyingi mwishoni mwa litania hiyo hiyo. Katika watoto yumo Stella, yaani Nyota, na Emmanuel, yaani Mungu pamoja nasi. Baba ni Zakaria, jina la mzee yule wa Injili ya Luka aliyefungwa ulimi kwa kutoamini habari ya kuzaliwa mtoto. Hata Bwana Maendeleo anayemharibu Rosa anaitwa Deogratias, jina la kumshukuru Mungu. Ukiyasoma majina peke yake utadhani umeingia katika nyumba ya watakatifu. Ukiyasoma matendo utakuta nyumba yenye hofu.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya riwaya hii. Kezilahabi hakuandika kwamba dini ni uongo. Alionyesha jinsi watu wanavyoweza kuyapokea majina ya dini bila kuyapokea madai yake. Zakaria ni mlevi. Kile ambacho kingewafaa watoto huishia katika pombe. Lakini Zakaria huyo huyo ni mkali kupita kiasi juu ya usafi wa binti yake, na barua ya mvulana inatosha kumfanya ampige bila huruma. Amri za Mungu kwake zimekuwa moja tu, nayo inawahusu wengine. Kuhusu ulevi wake, ukatili wake kwa mkewe na uvivu wake wa kulea, dhamiri yake imelala.

Matokeo yake ni nini? Rosa anakwenda shule ya wasichana ya Rosary akiwa ameaswa kuwaogopa wanaume, lakini hajafundishwa kujitambua. Mtoto aliyezuiwa kwa fimbo hana silaha siku fimbo inapokuwa mbali. Anapokutana na ulaghai wa mtu mwenye cheo, anaanguka. Na akiisha kuanguka, anaamini hana tena cha kulinda. Mambo yanazidi kuharibika katika chuo cha ualimu cha Morogoro, mpaka kufikia kutoa mimba. Wahenga walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Kezilahabi anaongeza kwamba kumtisha mtoto si kumlea.

Jaribio kubwa zaidi la imani, hata hivyo, limo katika sehemu za mwisho. Rosa anageuka na kutaka kuanza maisha mapya. Kutubu na kusamehewa ni kiini cha mafundisho ya Kikristo. Basi hapa jamii ya Kikristo ilipaswa kuonyesha inachokiamini. Charles anapoyajua yaliyopita anamwacha, na Rosa anajiua. Jamii iliyomsomea Rosa habari za huruma tangu utoto inakosa huruma siku anapoihitaji. Waraka wa Yakobo unafundisha kwamba imani isiyo na matendo imekufa. Katika riwaya hii aliyekufa pamoja nayo ni msichana.

Baadhi ya wasomaji walikiona kitabu hiki kuwa cha kupotosha vijana, na kwa muda kilizuiwa kusomwa shuleni. Hofu ya wazazi inaeleweka, maana mwandishi haoni haya kueleza mambo. Lakini hukumu hiyo ilikuwa na kasoro ileile ya Zakaria: kudhani kwamba jambo lisilotajwa mbele ya vijana halitawafikia.

Hata hivyo riwaya hii ina upungufu wake. Anayekaribia kuishi imani kwa upendo ni Regina, lakini mwandishi amempa uvumilivu karibu peke yake. Regina anapigwa na kuvumilia. Watoto wanapigwa, naye hana uwezo wa kuwakinga. Je, huo ni utakatifu, au ni udhaifu uliovikwa joho la utakatifu? Kezilahabi hatupi mfano wa Mkristo anayesimama na kusema hapana. Msomaji anafundishwa vizuri jinsi imani inavyokosewa, lakini hafundishwi vya kutosha jinsi inavyotimizwa.

Pengo hilo linazibwa, kwa namna isiyotarajiwa, na Kitereza. Yeye alimaliza kuandika kitabu chake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Maisha anayoyaeleza ni ya Wakerewe wa zamani, kabla ya Ukristo. Hakuna kanisa wala padre. Lakini ndani yake imo ndoa inayoweza kumfundisha Mkristo yeyote. Bugonoka hajapata mtoto, na ndugu za Myombekere wanamtukana kuwa tasa, hata wazazi wake wanamrudisha kwao. Myombekere anashauriwa aoe mwingine. Anakataa. Anakwenda kwa wakwe zake kwa unyenyekevu, anakubali kutozwa faini ya pombe, anahangaika kuipata, na kumrudisha mkewe nyumbani. Baadaye wanatafuta uganga pamoja, na hatimaye wanapata mwana na binti.

Haya hayakuwa mageni kwa mwandishi. Kitereza na mkewe walifiwa na watoto wao, wala hakuoa mke wa pili ingawa mila ingemruhusu. Mtu anaweza kusema, kwa haki, kwamba Kitereza ameipamba mila, na kwamba katika jamii ile lawama ya ugumba ilimwangukia mwanamke kwanza. Ni kweli, na matusi ya wale ndugu yanathibitisha. Lakini Myombekere anasimama kinyume cha ndugu zake, na hilo ndilo tendo ambalo hatulioni katika Namagondo ya Zakaria.

Tukiziweka riwaya hizi pamoja tunapata fundisho moja kwa utamaduni wa taifa letu. Ukristo haukuikuta Ukerewe ikiwa tupu. Ulikuta uaminifu wa ndoa, heshima kwa wakwe na subira katika msiba. Palipo na imani iliyojengwa juu ya tunu hizo, kama katika maisha ya Kitereza, ilipata mizizi. Palipo na imani iliyopokewa kama majina na makatazo tu, kama katika nyumba ya Zakaria, ilibaki vazi la Jumapili.

Mwalimu anayefundisha riwaya hizi asiishie kuwauliza wanafunzi nani alitenda dhambi. Awaulize nani alipaswa kumpokea Rosa siku ile aliporudi, na angemwambia nini.