Mtakatifu Augustino na Mtoto wa Materneli

Mwezi wa nane ukifika, mpita njia katika mitaa ya Makiso, Mangobo na Kabondo hapa Kisangani asikia wimbo mmoja nyumba kwa nyumba. Mtoto wa miaka mitatu amesimamishwa ukutani, mikono nyuma, na kaka yake au baba yake anamhesabisha kwa Kifaransa mpaka kumi. Akisahau saba, arudie tangu mwanzo. Akisahau tena, kofi. Ukiuliza kwa nini, wakujibu: “Twamtayarisha kwa materneli.”

Materneli ndiyo shule ya watoto wadogo, kabla ya shule ya msingi. Kumtayarisha mtoto kwenda huko ni jambo jema, wala hatuandiki kuwacheka wazazi. Lakini namna ya kumtayarisha ndiyo yatusumbua, na kwa kuipima tumeona vema kufungua kitabu ambacho hakuna angedhani kina neno juu ya materneli: Maungamo ya Mtakatifu Augustino.

Wakristo wengi wamjua Augustino kwa machozi ya mama yake Monika na kwa dhambi za ujana wake. Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi iitwayo sasa Algeria. Basi ni mtoto wa Afrika. Aliandika Maungamo alipokuwa askofu wa Hippo, karibu na mwaka 400. Vitabu vyake ni kumi na vitatu, na sehemu kubwa ya kile cha kwanza ni habari za utoto: kunyonya, kulia, kujifunza kusema, kwenda shule na kupigwa. Sisi tulikisoma seminarini, kwa Kifaransa na kwa kulazimishwa. Tulizipita kurasa hizo mbio mbio ili tufike penye dhambi za ujana, maana ndivyo walivyo vijana. Sasa tumekuwa wazazi, tumezirudia polepole.

Kwanza aeleza jinsi alivyopata kusema. Hakuna aliyempangia masomo. Aliona wakubwa wakitaja kitu na mwili wao ukielekea kitu kile: jicho, mkono, uso, sauti. Akashika jina, akalijaribu kinywani mwake, akaomba atakacho. Msomaji asidhani ni habari ngeni. Ndivyo ilivyo jikoni kwetu kila jioni. Mama anatwanga sombe, asema, “Niletee mwiko,” naye mtoto aleta kijiko. Mama acheka: “Huo ni mwiko?” Mtoto arudi, aleta mwiko. Kesho hatakosea. Katika dakika moja amejifunza majina ya vitu viwili, tofauti yao, kutii neno, na kwamba kukosea si kifo.

Kisha Augustino aingia shuleni, na hapa kitabu chakata kama kisu. Lugha mbili zilimjia kwa njia mbili. Kilatini alikipata kwa yaya na watu wa nyumbani, katika kubembelezwa, mizaha na vicheko. Kigiriki alikipata kwa vitisho na adhabu. Asema hadithi za Kigiriki zilikuwa tamu, lakini ugumu wa lugha ile uliyanyunyizia nyongo maneno yake yote. Na mtu huyu, mwenye akili kupita wengi wa zama zake, hakukizoea Kigiriki vizuri maisha yake yote! Yeye mwenyewe atoa hukumu: hamu ya kujua, ikiachwa huru, yamfundisha mtoto kuliko hofu.

Wakazi wa Kisangani hawahitaji ushahidi wa mbali. Mtoto wetu asema Kiswahili nyumbani. Akitoka uani na wenziwe asema Kilingala. Na nyanya yake akija kukaa mwezi mmoja, ashika na maneno ya lugha ya kijijini. Nani alimfundisha? Nani alimpiga kofi? Hakuna. Halafu kwa Kifaransa pekee twaleta ukuta na fimbo, tena twashangaa kwamba mtoto mwenye lugha mbili au tatu amekuwa bubu.

Kuna ubaya mwingine, mkubwa kuliko kofi. Wazazi wengine, kwa kutaka mema, wamekata shauri wasimsemeshe mtoto Kiswahili kabisa. Lakini Kifaransa chao wenyewe ni kifupi. Basi mtoto asikia kutwa nzima maneno ya amri tu: njoo, kula, kaa, nyamaza, lala. Baba ajuaye kusimulia jinsi Wagenia wanavyofunga miti katika maporomoko na kutega nyungo kubwa za kuvulia samaki, baba huyo amefunga hazina yake kwa kufuli, amebaki na maneno ishirini. Mtoto akiuliza “kwa nini?” hapati jibu, si kwa sababu baba hajui, bali kwa sababu hajui kulisema kwa Kifaransa. Huko si kumpa mtoto lugha, ni kumnyang’anya.

Haya sisi hatuyasemi kama watu wasio na hatia. Binti yetu wa kwanza tulimfundisha miezi miwili: hesabu, rangi, na Salamu Maria, vyote kwa Kifaransa. Tulijivuna mbele ya majirani. Siku ya kwanza mwalimu wake, mama mpole, hakumwuliza rangi hata moja. Aliinama akamwuliza kwa Kiswahili: “Ukitaka kwenda chooni utaniambiaje?” Mtoto akatutazama sisi. Akasimama vile vile, mikono nyuma kama tulivyomzoeza, na maji yakamshuka miguuni. Hilo hatukumfundisha. Alibaki kimya darasani mpaka karibu na sikukuu ya Watakatifu Wote. Mwalimu akampa bakuli la maji na vikombe viwili, amimine toka hiki mpaka kile. Siku ya tatu alisema neno lake la kwanza shuleni: “Imejaa.”

Baadaye ndipo tulipotambua kwamba mambo hayo ya kumimina yana mwenyewe. Maria Montessori, mganga Mkatoliki wa Italia, alifungua nyumba yake ya watoto wa maskini huko Roma katika mtaa wa San Lorenzo, tarehe 6 Januari 1907, ndiyo sikukuu ya Epifania. Aliwapa watoto kazi za mikono: kumimina, kufunga vifungo, kunawa, kupanga vitu. Mama wa Kisangani ana vifaa hivyo vyote bila kununua. Kuchambua maharagwe, kumenya ndizi ya lituma, kuvaa viatu, kungoja zamu ya kisahani: hayo ndiyo maandalio.

Lakini hatutaki kumpaka Mtakatifu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kitabu chake kina mahali ambapo hatumfuati kwa urahisi. Kwa mtoto mchanga ni mkali mno. Alimwona mtoto mmoja akikunja uso kwa wivu kwa sababu mwenzake ananyonya, akaona humo kasoro ya mwanadamu. Kama mwalimu wa Kanisa alikuwa na haki ya kutukumbusha dhambi ya asili. Lakini mama yeyote angemwambia kwamba mtoto yule alikuwa na njaa.

Tena kuna sura ya 12. Humo Augustino akiri kwamba hakupenda kusoma, alilazimishwa, na kulazimishwa kulimfaa. Mzazi mwenye fimbo ataishika sura hiyo kwa mikono miwili. Hatuwezi kuificha. Twasema hivi tu: alikuwa mvulana wa shule, si mtoto wa miaka mitatu. Na yeye yule akumbuka jinsi alivyomwomba Mungu asipigwe shuleni, nao wakubwa, hata wazazi wake, wakayachekea mapigo yale. Amekwisha kuwa askofu, bado kicheko kile kinamwuma.

Wengine watatujibu: “Ninyi hamlipi?” Kweli, tangu mwaka 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini kwa materneli wazazi wengi hutoa fedha, na atoaye fedha ataka kuona matunda. Tunda lionekanalo upesi ni mtoto mwenye tai kukariri Kifaransa siku ya kufunga mwaka. Sisi tumeketi pale, tumepiga makofi. Mwalimu anayewafundisha watoto hadithi za Kiswahili hapigiwi makofi, ingawa sheria ya elimu ya mwaka 2014 imezipa lugha zetu za taifa nafasi darasani. Kifaransa kitakuja, na lazima kije, maana bila hicho mtoto wa Kongo hafiki mbali shuleni. Twabisha juu ya mlango wa kuingilia.

Kwa sisi makatekista, neno lililotugusa zaidi halimo hata katika kitabu cha kwanza. Limo katika cha tatu. Asema jina la Kristo alilinywa pamoja na maziwa ya mama yake, na baadaye kitabu chochote kisicho na jina hilo, hata kikiwa kizuri namna gani, hakikumshika kabisa. Monika hakumfundisha jina hilo kwa Kigiriki. Binti yetu sasa asali Salamu Maria kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa pia, ambacho alikiokota mwenyewe shuleni akitufundisha sisi matamshi.

Anayesoma Kifaransa aanzie Kitabu cha Kwanza, sura ya 8, aishie ya 14. Ni kurasa chache, jioni mbili zatosha. Asiyekisoma amwombe mwenziwe amfasirie. Katika jumuiya yetu tumeanza kufanya hivyo kila Alhamisi baada ya rozari, na mabishano juu ya sura ya 12 hayajaisha.