Wiki Mbili Juani Haziui Mpungate
Video ya zoezi la kufyeka mpungate Laikipia wengi mmeitazama, kwa hiyo sina haja ya kueleza nani alishika panga na nani alishika koleo. Naanzia pale msimamizi anaponyoosha mkono kuelekea ukingo wa laga, ule mkondo wa maji ya msimu, na kuagiza mabapa yote yarundikwe mchangani, yaachwe juani wiki mbili yakauke. Agizo hilo liliharibu jasho la siku nzima. Kukata na kuacha juani ndivyo tunavyomfundisha mtu anayetaka kupanda mpungate.

Irudieni sehemu ile bapa linapoanguka karibu kabisa na kamera. Kidonda chake hakizidi upana wa vidole viwili, pale tu lilipokuwa limeshikana na shina. Kidonda kibichi kikilala kwenye udongo wenye unyevu huingiwa na kuvu, na bapa zima huoza. Kikipata jua siku kadhaa hujifunga kwa gamba gumu, na kuvu hawana tena pa kupita. Mwenye kitalu yeyote anayejua kazi yake hukata, akaweka kando mpaka kidonda kikauke, ndipo akachomeka. Msimamizi yule alifuata hatua zote hizo isipokuwa kuchomeka, na kuchomeka si lazima.

Si lazima kwa sababu ya yale macho. Kila jicho, yaani kijidoa kinachotoa miiba, ni chipukizi lililolala, nalo laweza kutoa mwiba, ua, bapa jipya au mzizi. Upande uliogusa ardhi hutoa mizizi, upande wa juu huchipua. Bapa likikatwa vipande vitatu vyenye macho, umepata miche mitatu. Ndiyo maana nimeipinga tingatinga katika safu hii mwaka baada ya mwaka, na nitaendelea kuipinga: inaponda mmea mmoja na kuusambaza malisho mazima.

Na jua linalotegemewa kuua, mpungate umeumbwa kulikabili. Stomata zake hufunguka usiku hewa ikiwa imepoa, zikavuta kabonidayoksaidi inayowekwa akiba kama asidi ya maliki. Mchana hufungwa, na akiba hiyo ndiyo hutumika katika usanisinuru. Kiangazi kikizidi, stomata hubaki zimefungwa usiku na mchana, na mmea huzungusha ndani kwa ndani hewa ile ile unayoitoa kwa kupumua. Nje una nta, ndani una ute unaoshikilia maji. Bapa lililotengwa na shina laweza kuishi hivyo kwa miezi. Hunywea, hukunjamana, hugeuka manjano, na mtu akilipiga teke husema limekwisha. Bado li hai, linangoja mvua.

Tena haihitaji mvua kubwa. Mizizi mingi ya mpungate hukaa sentimita 5 hadi 15 tu chini ya ardhi na kutambaa mbali, ili iwahi manyunyu kabla hayajakauka. Wakati wa ukame ile membamba hufa na ile minene hujifunika gamba na kusinyaa, ikaachana kidogo na udongo ili maji yasirudi nje. Udongo ukilowa, mizizi mipya huota ndani ya siku chache. Wale vijana waliofukua mashina kwa forki jembe walifanya sawasawa, nawapongeza. Lakini lundo liko kando ya laga, na laga ikishuka itabeba mabapa hadi malisho ya watu ambao hawakuhudhuria hata hilo zoezi. Mbuzi wao ndio watakaokula yale matunda yenye vimiiba laini kama unywele, wapate vidonda mdomoni na tumboni.

Kazi hii imewahi kufanywa vizuri. Australia katika miaka ya 1920 mpungate ulikuwa umetwaa takriban hekta milioni 24, na sumu ya aseniki na mashine havikufua dafu. Alan Dodd alichukua mayai ya nondo Cactoblastis cactorum kutoka Argentina mwaka 1925, na kabla ya kuwaachia viwavi mwaka 1926 walijaribiwa kwanza kama wangekula mimea mingine. Mayai yalibandikwa kwenye vipande vya karatasi na kupachikwa kwenye mimea. Kiwavi huingia ndani ya bapa, hula, uozo hufuata, na mmea hufa ukiwa umesimama pale pale ulipoota. Mapema miaka ya 1930 sehemu kubwa ya msitu ule wa mpungate ilikuwa imeanguka. Dodd alielewa mmea kabla ya kuugusa, na sijaona kwetu msimamizi wa mapanga mwenye subira ya namna hiyo.

Laikipia yenyewe ina mdudu wake, kochinili, aliyeanza kutumika huko dhidi ya mpungate mwaka 2014. Hapa kuna kosa jingine ambalo wengi hawakuliona: kwenye video, nyuma ya mkataji wa pili kuna mabapa yenye utando mweupe kama pamba. Huyo ndiye kochinili, ukimminya hutoa rangi nyekundu. Walimkata naye, wakamtupa lundoni pamoja na chakula chake.

Lundo lifumuliwe kabla mvua haijanyesha. Mabapa yenye utando mweupe yaegemezwe kwenye mipungate mizima ya Opuntia stricta, mdudu ahamie. Mengine yote yafukiwe kwenye shimo refu mbali na laga. Opuntia engelmannii, ile yenye mabapa makubwa ya mviringo, wasiiachie kochinili huyu, kwa maana aina yake iliyoletwa ilichaguliwa kwa ajili ya stricta. Katika Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, kochinili wa kwanza hakuiweza stricta, ikabidi iletwe aina nyingine inayoifaa. Engelmannii ing'olewe kwa forki jembe, na kila kipande kiokotwe siku hiyo hiyo.