Kukalafati na Kuziba: Istilahi za Matengenezo ya Vyombo vya Uvuvi

Mwalimu mmoja wa Lugoba ametuletea kijitabu cha kurasa 40 na kitu, kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, ambacho kinakusudiwa kumwongoza mvuvi ajitengenezee chombo chake mwenyewe katika miezi asiyokwenda baharini. Kijitabu hakina jina la mfasiri wala la mchapishaji. Kimenakiliwa mara nyingi hata michoro yake imeanza kufifia. Mwalimu aliomba jambo moja tu: aambiwe ni maneno yapi kati ya yale awafundishe wanafunzi wake, na ni yapi ayaache. Jibu tulilompa mara ya kwanza lilikuwa fupi mno kwa swali zito kama hilo. Makala haya ni jaribio la kumjibu vema zaidi.

Yafaa kwanza kusema kwamba Lugoba haina bahari. Iko bara, kwenye barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, na msafiri apitaye huko huona malori ya kokoto, haoni tanga hata moja. Lakini tangu zamani imefungamana na Bagamoyo, Kaole na Saadani, na darasani mwa mwalimu wetu wamo watoto wa wakulima wa Kikwere wasiopata kuona maji ya chumvi, pamoja na watoto ambao baba zao wana ngalawa. Neno litakalosanifishwa lazima liwafae wote wawili.

Kosa la kwanza la kijitabu liko katika jalada lenyewe. Miezi ambayo chombo hukaa pwani imeitwa "kipindi cha nje ya msimu". Msomaji atauliza: nje ya msimu upi? Mvuvi wa Bagamoyo hana msimu mmoja ambao yeye huwa ndani yake au nje yake. Ana kaskazi na ana kusi, na kati ya pepo hizo mbili ana tanga mbili. Kusi huanza kuvuma kiasi cha mwezi wa Aprili na hushika nguvu kati ya Juni na Agosti. Hapo bahari huchafuka, na mwenye chombo kidogo hukipandisha mchangani akakitazama tumbo. Akisema "wakati wa kusi" amekwisha kutaja mwezi, upepo na kazi. Wako watakaodai kwamba mwongozo wa taifa zima hauwezi kutaja upepo wa mwambao, kwa kuwa wavuvi wa Ziwa Viktoria na Tanganyika nao watausoma. Hoja hiyo ina nguvu. Hata hivyo, mwaka 2024 Serikali iliposimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, haikusema kwamba ziwa liko nje ya msimu. Ilisema ziwa linapumzishwa, na kila mtu alielewa. Kwa kazi ya kijitabu hiki ingetosha kusema "wakati chombo kimepwelezwa", maana kupweleza chombo ni kukiacha makusudi pakavu, na hilo hufanyika pwani na ziwani vilevile.

Sasa tuingie katika jambo lililotufanya tuandike. Sura ya tatu, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote, inahusu kazi ambayo kila fundi wa mwambao huiita kukalafati. Neno hilo halimo katika sura hiyo hata mara moja. Badala yake mfasiri ametumia "kuziba nyufa", na mahali pengine "kujaza nyufa". Mtu asiyejua kazi hii ataona kwamba hakuna kilichopotea. Maneno ni mepesi, na Kiswahili chake ni safi. Lakini chombo hakina nyufa mahali hapo. Ufa ni dosari, ni mbao iliyopasuka. Nafasi iliyo kati ya ubao na ubao ni maungio, na fundi ameiacha kwa makusudi. Kukalafati ni kuishindilia pamba iliyosokotwa ndani ya maungio hayo, kwa chembeu na nyundo, wakati mbao zimekauka. Kisha chombo kinaposhuliwa, mbao hunywa maji, huvimba, nazo huibana ile pamba mpaka maji hayapiti. Kinachozuia maji ni kule kubanana. Pamba peke yake haizuii kitu.

Tazama basi kinachompata anayeambiwa "aziba nyufa". Yeye huenda dukani akauliza kitu cha kuzibia, akapewa saruji, au gundi igandayo ikawa ngumu kama jiwe, akaijaza ndani ya maungio ya chombo kikavu. Kinaposhuka majini mbao huvimba kama kawaida yake, lakini hazina pa kwenda. Huisukuma ile gundi, na gundi haisogei. Basi hujisukuma zenyewe, misumari ikalegea katika mataruma. Mwaka ufuatao, mbao zikikauka tena, maungio hufunguka kando ya gundi, na chombo huvuja zaidi kuliko kilivyovuja kabla ya kutengenezwa. Kwa mtu aliye maili kadhaa kutoka pwani, na upo mmoja wa kufulia maji, hilo si suala la ufasaha wa lugha.

Nilimwonyesha sura hiyo fundi mmoja mzee katika ufuko wa Bagamoyo, mahali vyombo vinapoundwa na kutengenezwa karibu na soko la samaki. Nilimsomea, kwa kuwa macho yake hayasomi tena maandishi madogo. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, huyu anaziba pakacha." Nikamwuliza kama neno kalafati linafahamika bado kwa vijana wanaofanya kazi chini yake. Akamwita mmoja, kijana wa miaka 20 hivi, akamwuliza chembeu iko wapi. Kijana akaileta. Hapo nilijiona nimejibiwa.

Mfasiri wetu bila shaka alitafuta neno jepesi kwa nia njema. Katika ofisi zetu kumekuwa na desturi ya kudhani kwamba neno la ufundi wa zamani ni neno gumu, na kwamba msamiati wa baharini umezama pamoja na majahazi. Desturi hiyo haiungwi mkono na lugha yenyewe. Aongozaye ndege tunamwita rubani, na rubani alikuwa mwenye kuongoza jahazi. Gari lina usukani. Timu ya mpira ina nahodha. Serikali inaunda tume, nayo tume inaunda kamati ndogo, na kitenzi hicho, kuunda, kilikuwa hasa cha wale waunganishao mbao za chombo. Hata katika siasa, anayezungumzia mrengo wa kushoto ni vigumu asiuone nyuma yake ule mrengu wa ngalawa. Mfano ulio bora zaidi ni taruma. Katika kijitabu, mataruma ya chombo yameitwa "mbavu", kwa kuwa, nadhani, mfasiri alihofia kwamba taruma halitajulikana. Na ilhali kila taarifa ya ujenzi wa reli hutaja mataruma, yale ya mbao, ya chuma na sasa ya zege! Mtoto wa Lugoba asiyejua bahari analijua neno hilo kutoka relini. Mbavu si kosa la kuua, lakini ni hasara ya bure.

Misumari ni habari nyingine, na ni ya hatari zaidi kuliko mbavu. Kijitabu kinashauri, na ni ushauri mwema, kwamba msumari wa chuma kitupu usitumiwe, kwa sababu maji ya chumvi huula. Utumike ule uliovikwa zinki. Mfasiri ameuita "msumari wa bati". Ukienda katika duka lolote la vifaa vya ujenzi, Lugoba, Chalinze au Bagamoyo, ukaomba misumari ya bati, utapewa misumari ya kuezekea: mifupi, yenye kofia pana. Muuzaji hatakuwa amekosea. Hapa istilahi sahihi si ya zamani wala haihitaji utafiti. "Msumari wa zinki" ungetosha, na kama mfasiri angekwenda dukani mara moja angeligundua kosa lake kabla halijapigwa chapa. Ningependa kila mfasiri wa maandiko ya ufundi alazimike kununua, kwa maneno yake mwenyewe, vitu anavyovitaja.

Yako mambo ambayo kijitabu kimeyafanya vizuri, na haki itendeke. Injini ile ifungwayo nyuma ya boti imeitwa "mashine ya kupachika", kama waitavyo wavuvi na maofisa wa uvuvi, wala mfasiri hakujaribu kutunga kingine. "Faiba" ameiacha kuwa faiba. Ni kweli kwamba utomvu alioutaja katika sura hiyo ya faiba utamfanya msomaji afikirie mti, na afadhali angesema "resini". Lakini sura kwa jumla inafahamika. Pampu ya kutoa maji chini ya chombo ameiita "pampu ya kutolea maji machafu", jina ambalo linanuka choo. Maji yale yako katika ngama, na "pampu ya ngama" ni fupi na ni sahihi.

Mwishoni mwa kijitabu, mvuvi amekwisha kukalafati, ama kuziba, na kupaka rangi, na anaambiwa sasa "azindue" chombo chake. Hapa tulicheka ofisini. Kuzindua, kwa matumizi ya leo, kunataka mgeni rasmi na utepe wa kukatwa. Mvuvi na wanawe wanne wanaokisukuma chombo juu ya magogo alfajiri maji yakijaa, wanakishua.

Sasa nifike mahali ambapo mimi mwenyewe nilishindwa. Kijitabu kinaeleza aina ya rangi ipakwayo sehemu ya chombo iliyo chini ya maji, yenye sumu ndani yake ili vikome na majani ya bahari visigande. Mfasiri ameiita "rangi ya kuzuia uchafu". Ni dhahiri kwamba haifai, kwa kuwa mtu atadhani ni rangi isiyoonyesha madoa. Lakini tuseme nini? Mwenzangu mmoja alipendekeza "rangi ya kuzuia viotea", yaani vitu viotavyo juu ya kingine. Kwa bahati mbaya kuotea ni kuvizia pia, na rangi ya kuzuia wenye kuvizia ingefaa zaidi nyumba kuliko chombo. Mimi nilipendekeza tulipanue neno deheni. Deheni ya asili ni mchanganyiko wa chokaa na mafuta upakwao chini ya chombo ili kukikinga na maji na wadudu watoboao mbao. Hoja yangu ilikuwa kwamba neno hili linataja kazi ya kitu. Kama leo kazi ile ile inafanywa na rangi ya kiwandani, basi na iitwe "rangi ya deheni", kama vile usukani ulivyobaki usukani ingawa hauna tena mti.

Nilipeleka pendekezo hilo kwa mwalimu wa Lugoba nikiwa na uhakika, naye akalijaribu darasani pamoja na maneno mengine kumi. Kalafati lilishikwa upesi baada ya mwalimu kuchora mbao mbili ubaoni. Chembeu pia. Deheni halikusumbua. Lililovuruga darasa lilikuwa sifa. Mafundi huita sifa yale mafuta ya ini la papa wanayoyapaka mbao za juu zisipasuke kwa jua. Kijitabu kiliandika "mafuta ya samaki" tu, nasi tulimshauri mwalimu arudishe neno lenyewe. Wanafunzi kutoka bara waliposoma kwamba chombo hupakwa sifa, walielewa kwamba kinasifiwa, na mmoja akaandika katika daftari lake kwamba wavuvi hukipaka chombo sifa ili kiwe na baraka baharini. Watoto wa wavuvi walicheka sana, na mwalimu hakupenda kicheko kile, kwa kuwa kiligawa darasa.

Basi nimelazimika kujirekebisha. Katika mwongozo usomwao na watu wa bara na wa pwani pamoja, "sifa" peke yake haitoshi. Iandikwe "sifa ya papa" mara ya kwanza inapotokea, na maelezo ya sentensi moja yafuate. Siyo kwa sababu neno ni la zamani. Ni kwa sababu lina pacha wake aliye maarufu kuliko lenyewe, na msomaji atamkimbilia pacha huyo. Kalafati halina pacha. Nalo kwa hiyo laweza kusimama peke yake baada ya mchoro mmoja.

Kuhusu rangi ya deheni, fundi wangu wa Bagamoyo hakukubali. Alisema deheni inatengenezwa kwa mkono, na mtu akiambiwa apake deheni atapondaponda chokaa yake kama siku zote, wala hatanunua mkebe. Nilimjibu kwamba neno "rangi" lililotangulia litamwonya. Akanijibu kwamba kwake yeye chochote kipakwacho ni rangi. Suala hilo bado liko mezani kwetu, na wasomaji walio karibu na pwani, hasa walimu wa kampasi ya uvuvi ya Mbegani, wanaombwa watuandikie ni neno gani wanalolisikia vinywani mwa wanafunzi wao wanapoushika mkebe wa rangi hiyo.