Sekunde za Leonard Wood

Gari linalokwenda kilomita 250 kwa saa hukata takriban mita 70 kila sekunde. Likisimama sekunde kumi zaidi ya mwenzake, limepoteza mita 700, na dereva atazitafuta mita hizo kwa kuhatarisha shingo yake kwenye kona. Hesabu hii ni ya mtoto wa shule. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwenye mbio za NASCAR huko Marekani, timu nyingi zilikuwa bado zinabadili matairi kwa mwendo wa gereji ya mtaani. Waliofanya hesabu na kuifuata mpaka mwisho wake ni ndugu wawili wa mji mdogo wa Stuart, Virginia: Glen Wood, aliyeanzisha timu mwaka 1950 na kuendesha mwenyewe, na mdogo wake Leonard, aliyeshika spana.

Leonard alizaliwa mwaka 1934, na alipokuwa na miaka 13 aliunda kigari kilichoendeshwa kwa injini ya mashine ya kufulia. Baadaye akawa mkuu wa mafundi wa timu hiyo ya familia. Mwenye cheo hicho hujibu kila kitu kuhusu gari isipokuwa mikono iliyoshika usukani: injini, springi, uzito unaolalia kila gurudumu, saa ya kuingia kujaza mafuta, na lawama siku ya kushindwa.

Sehemu kubwa ya kazi yake haionekani na watazamaji. Chukua tairi tu. Linapovuliwa likiwa bado la moto, fundi hulipima joto sehemu tatu: ukingo wa ndani, katikati, na ukingo wa nje. Katikati pakizidi kingo, upepo umejazwa kupita kiasi. Ukingo wa nje ukiungua peke yake, gurudumu limekaa wima mno na linahitaji kulazwa kidogo. Kisha dereva huulizwa: nyuma inakukimbia, au mbele inagoma kukata kona? Jibu likipatikana, hurekebishwa kitu kimoja, gari hurudi njiani, na kupimwa upya. Kimoja tu. Anayebadili vitatu kwa pamoja hatajua kipi kilichomsaidia, na hapo ndipo wenye haraka hushindwa.

Sasa tazama gari likiingia kwenye kituo cha huduma kando ya njia. Njia nyingi za mbio hizi ni za mviringo, na magari hupinda kushoto, kwa hiyo matairi ya kulia ndiyo yanayobeba mzigo mkubwa na kuchakaa mapema. Upande huo uko mbali na ukuta wanakosimama mafundi. Mwenye jeki hulizunguka gari kwa mbio na kuichomeka chini ya ubavu wa kulia. Jeki za kawaida za gereji zilitaka mipigo mingi. Zile alizozitengeneza upya Leonard zilinyanyua gari kwa mipigo michache tu. Kabla magurudumu hayajaacha lami, wafunguaji wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, wamekwisha kupiga magoti. Kila gurudumu lilikuwa na nati tano. Zinafunguliwa, tairi la zamani linavutwa, jipya linaingia, nati zinakazwa, jeki inashuka, na wote wanahamia kushoto. Muda wote huo mtu mwingine anamimina petroli nyuma ya gari. Jeki inaposhuka mara ya pili, dereva haambiwi kitu. Huondoka.

Siri ya akina Wood ni kwamba hawakuzidisha kasi ya mikono. Walipunguza kazi ya mikono. Kila tendo lilitazamwa peke yake: mguu unakanyaga wapi, nani anampisha nani, kifaa kinalazwa upande gani ili kesho kiokotwe bila kutafutwa. Kisha wakarudia. Wengi wao walikuwa ndugu na marafiki wa kwao, si wanariadha wa kukodiwa.

Mwaka 1965 kampuni ya Ford, ambayo injini yake ilikuwa ndani ya gari la Lotus la dereva Mskoti Jim Clark, iliwaita akina Wood kulihudumia kwenye mbio za Indianapolis 500. Gari hilo halikuwa la aina yao hata kidogo: jembamba, injini nyuma ya dereva. Mwaka uliotangulia madereva wawili, Eddie Sachs na Dave MacDonald, walikufa kwa moto kwenye mbio hizo hizo. Kwa hiyo kanuni mpya zililazimisha kila gari kusimama angalau mara mbili, na mafuta yashuke kwa uzito wake yenyewe bila kusukumwa kwa shinikizo. Mwingine angesema hapo hakuna ujanja tena: mafuta yatashuka yatakavyoshuka. Leonard na wenzake walikagua viungio vya mpira wa mafuta, wakasugua kila palipokwaruza mpaka vikaingiana bila kusitasita, kama fundi jahazi anavyoendelea kupiga randa ubao ambao mteja ameshauridhia. Halafu wakafanya mazoezi.

Tarehe 31 Mei Clark aliingia mara mbili. Matairi hayakuguswa. Mara zote mbili kwa jumla hazikufika dakika moja, na watangazaji wakadhani tanki halijajaa, kwamba lazima atarudi. Hakurudi. Aliongoza mizunguko 190 kati ya 200 na kushinda, mara ya kwanza kwa gari lenye injini nyuma katika historia ndefu ya mbio hizo.

Wengi wakieleza habari za timu hii hukimbilia kwa David Pearson, aliyewashindia mbio 43 katika miaka ya 1970, na kweli alikuwa dereva wa ajabu. Mwaka 1973 pekee walishiriki mbio 18 wakashinda 11. Lakini katika mbio za maili 500 gari halishindi kwa dereva peke yake. Linashinda kwa sababu hakuna nati iliyolegea.

Leonard aliingizwa katika Jumba la Mashujaa la NASCAR mwaka 2013, mwaka mmoja baada ya Glen. Ukipata nafasi ya kutazama mbio hizi, mwache kidogo anayeongoza. Subiri gari liingie kituoni, kisha mfuate kwa macho yule mwenye jeki.