Kimya na Mshindo katika Kitabu cha Jean-Pierre Petit

Mwaka 1983 wachapishaji Belin wa Paris walitoa kitabu cha picha kiitwacho Le Mur du silence. Mtungaji na mchoraji wake ni mtu mmoja, Jean-Pierre Petit, mwanasayansi wa Kifaransa aliyekuwa akifanya kazi Marseille. Jina la kitabu ni mchezo wa maneno. Wafaransa husema "ukuta wa sauti" kwa ule mpaka ambao ndege ikiuvuka husikika mshindo. Petit ameiondoa sauti, mahali pake akaweka kimya. Mfasiri wa Kiswahili ana bahati hapa, kwani lugha yake imekwisha kuyakutanisha maneno hayo katika methali isemayo kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini bahati hiyo ina mtego ndani yake, maana Petit anadai kinyume cha methali: kwamba chombo chaweza kuipita sauti kwa kasi, na kimya chake kisizae mshindo wowote.

Dai hilo halikuzuka hivi hivi. Tangu mwaka 1947, habari za visahani virukavyo zilipoanza kuenea kutoka Marekani, mashahidi wengi wameeleza vitu vipitavyo kwa kasi ya ajabu bila ya kunguruma. Kwa wenye shaka, hiyo ilikuwa hoja ya kutosha kuwakanusha: chenye kuipita sauti hakina budi kutoa mshindo. Petit hakushughulika kuwatetea mashahidi. Aliuliza tu kama huko kutokuwa na budi ni kweli.

Jibu lake limetiwa vinywani mwa Anselme Lanturlu, shujaa wa mfululizo ulioanza mwaka 1980, na wenzake: Sophie, mwari aitwaye Léon na konokono Tirésias. Mzaha wao mara nyingine huchosha, lakini maelezo yao ni ya mwalimu hodari. Chombo kiendacho polepole hutanguliwa na habari zake, nayo hewa iliyo mbele hupata wasaa wa kukipisha. Habari hizo husafiri kwa mwendo wa sauti. Chombo kikiupita mwendo huo, hewa hufikiwa bila ya kuarifiwa, hurundikana, na rundo hilo ndilo wimbi la mshindo. Aliyewahi kukaa omo ya jahazi akatazama maji yanavyofura mbele yake ameona ndugu ya wimbi hilo. Dawa ya Petit ni sumaku na umeme. Mkondo wa umeme ukipita katika kimiminika kilichomo baina ya nguvu za sumaku, kimiminika chenyewe husukumwa. Basi yawezekana kukivuta kutoka mbele ya chombo na kukitupa nyuma kabla hakijarundikana. Chombo huwa kinavuta njia yake.

Na hapa ndipo penye thamani ya kitabu. Mwaka 1976 Petit na Maurice Viton walilijaribu jambo hilo katika maji yaliyotiwa asidi ili yapitishe umeme. Waliweka mcheduara katika mkondo wa maji, wimbi likasimama mbele yake. Walipopitisha umeme, wimbi lilifutika. Mwenye kutaka kubisha ameonyeshwa abishe wapi: achukue maji, asidi, sumaku, ajaribu. Mwaka 1992, katika bandari ya Kobe, Wajapani waliiendesha Yamato 1, meli isiyokuwa na rafadha, kwa nguvu za aina hiyo hiyo. Ilikwenda takriban kilomita 15 kwa saa. Mwendo ni mdogo, lakini ilikwenda.

Ila ya kitabu iko katika kuyaacha maji na kuingia hewani. Hewa haipitishi umeme mpaka ifanywe plazima, yaani elektroni zibanduliwe kutoka atomu zake, na plazima ni kiumbe asi. Mrusi Velikhov alikwisha kuonyesha mwaka 1962 jinsi inavyovurugika ikitiwa katika sumaku kali, na Petit, aliyeipigania kwa miaka maabarani, aliujua uasi huo kuliko wengi. Kisha kuna suala la nishati: chombo kitaibeba wapi? Hata hivyo kisahani cha angani kimechorwa kwa kalamu ile ile na wino ule ule uliochora mcheduara wa majini. Msomaji aliyejifundisha mwenyewe, asiyekuwa na mwalimu wa kumshika mkono, hana alama ya kumwambia kwamba ukurasa huu ni habari ya lililotendeka na unaofuata ni tamaa.

Madhara yake yalidhihiri mwaka 1991, Petit alipotoa kitabu kingine, Enquête sur des extra-terrestres qui sont déjà parmi nous, akieleza kwamba baadhi ya mawazo yake yalichipuka kutokana na barua za "Ummo". Barua hizo zilianza kutumwa kwa posta huko Uhispania katika miaka ya 1960, zikijidai kuandikwa na wageni wa sayari nyingine. Wanavyuoni wa hadithi hawakupokea maneno kwa uzuri wake. Waliuliza nani kapokea kwa nani. Barua za Ummo hazina isnadi. Na ilipopatikana, iliishia Madrid: katika miaka ya 1990 José Luis Jordán Peña alikiri kuwa ndiye aliyebuni mchezo huo. Petit hakuyaacha, mwaka 1995 aliongeza kitabu kingine juu ya maudhui hayo.

Waliomcheka kwa hilo wakayatupa na maji ya mwaka 1976 wamekosea. Maji hayakumwuliza Petit wazo kalipata wapi. Lakini naye amekosea kuitumia heshima aliyoipata majini kuwa dhamana ya barua zisizo na mwenyewe. Waungwana zaidi ni wale wapenzi wa sayansi waliojikusanya kumsaidia baada ya mwaka 2007, wakajenga katika gereji, kwa fedha za michango, chombo cha hewa iliyopunguzwa, wakaunguza humo kisahani kidogo ili waone kama plazima itakubali kukaa karibu na ngozi yake. Walilolipata lilichapishwa mwaka 2009 katika jarida la fizikia la Poland. Hakikuruka kitu, wala hawakusema kimeruka.

Tangu mwaka 2005 vitabu vya Lanturlu vinatolewa bure na jumuiya aliyoiasisi Petit, Savoir sans Frontières, na wafasiri wa lugha nyingi wamevishughulikia. Atakayekitia hiki katika Kiswahili atakuta maelezo kwa sehemu kubwa yamo katika wakati uliopo, maji na hewa sawasawa. Asiyafuate. Kwa mcheduara wa majini aandike "wimbi lilifutika"; kwa kisahani cha angani, "lingefutika".